Vikao sita vya ushauri kwa ajili ya kipandauso, Kampala: maoni yangu baada ya kulipa zote

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Naitanguliza hiyo manake najua kuna mtu sai kalala kwenye giza, kafunga kichwa na leso, mwanga wa simu kaushusha mpaka mwisho, hana nguvu ya kusoma yote. Huyo achukue hili tu: kaunsela mzuri, daktari mzuri, resepsheni ovyo, bei inauma. Mengine utasoma kikiachia.

Jina la kliniki silitaji. Iko Kampala juu ya kilima (hapo nimewaficha kabisa, Kampala yote ni vilima). Wana daktari wa mishipa ya fahamu anayekuja siku mbili kwa wiki, wana kaunsela, na wanakuuzia yote kwa pamoja: daktari mara mbili, kaunsela mara sita, kikao kimoja kila baada ya wiki mbili. Daktari shilingi laki moja ya Uganda kila ukimwona, kaunsela elfu 60 kwa kikao. Jumla laki tano na elfu sitini na dawa hazimo humo.

Mi ni mtu wa Busia, upande wa Uganda, Kiswahili changu ni cha mpakani, na huu mwaka wa 11 niko Kikuubo nauza sabuni na mafuta ya kupikia kwa jumla. Anayeijua Kikuubo hahitaji maelezo. Asiyeijua, ni kichochoro katikati ya mji, wapagazi wanapita na mizigo mgongoni wanakupigia kelele upishe, lori linarudi nyuma, boda anapenya mahali hata mbuzi hapenyi, na mimi katikati ya hayo yote nimekaa na harufu ya sabuni ya unga ya limau toka saa mbili asubuhi. Lakini kichwa chenyewe sikukitoa huko, ninacho tangu sekondari.

Kilichonipeleka kliniki ni aibu. Mteja wangu wa miaka, mama mmoja wa Arua anayechukua katoni arobaini kwa mpigo, aliniuliza bei mara ya pili. Mara ya pili tu! Nikampa jibu ambalo siwezi kuliandika hapa. Mama wa watu akanyamaza, akafunga zipu ya kipochi chake taratibu, akaenda kununua duka la tatu toka langu. Hazijaisha saa mbili niko nyuma ya stoo nimeinamia beseni natapika, jicho la kushoto kama kuna mtu anasukuma msumari toka ndani. Na hesabu yangu ilikuwa ile ile ya siku zote, kwamba yule mama kanikasirisha na hasira ndo imenipandisha kichwa. Mume akinikera, kichwa. Mwenye nyumba akigonga mlango tarehe moja, kichwa. Msichana wa dukani akikosea chenji, kichwa, na yeye ndo analaumiwa siku nzima. Hiyo hesabu mniwekee hapo, nitairudia.

Niliyopitia kabla ya hapo nitayataja harakaharaka. Nimemezeshwa dawa za malaria sijui mara ngapi, manake huku ukisema kichwa kinauma mtu anakupa dozi kabla hujamaliza kusema, hata kidole hujatobolewa kupimwa. Nimevalishwa miwani. Nimechanjwa chale hapa juu ya nyusi, alama bado ipo. Nimeombewa na mikono saba kichwani, na ile mikono ilivyokuwa inakandamiza ndo kikazidi. Alafu kuna daktari mmoja, hiyo ni zamani, alinisikiliza kama dakika nne akaniambia "nnyabo (yaani mama), punguza mawazo." Elfu thelathini nimelipa kwa maneno hayo. Jamani mawazo yanapunguzwaje, ni chumvi? Toka siku ile mtu akitaja mawazo na kichwa changu pamoja mi naona ananiita muongo, kwa hiyo yule wa resepsheni aliposema "na kaunsela pia utamwona" karibu ningechukua mkoba wangu niondoke.

Na hiyo resepsheni yenyewe sasa. Kliniki inatibu watu wa kichwa, lakini taa ni ile ya mrija, nayo inapepesa, televisheni iko juu inapiga mahubiri kwa sauti yote, na dada wa mezani kajipulizia marashi hadi yanakufuata chooni. Siku ya kwanza nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi nje. Askari akanisogezea kigoda chake kivulini bila kuniuliza kitu, akasema "wa kichwa wote wanakaaga na mimi hapa." Yaani askari anawajua wagonjwa kuliko walioajiriwa kuwapokea. Nyota moja nzima imetoka hapo, na ile nusu nitawaambia mwishoni.

Daktari nampa nyota zake zote. Alinipa muda, akaniuliza toka utotoni, akanimulika macho, akanigonga magoti na kile kinyundo, akanitembeza kwa mstari kama mlevi. Akasema ni kipandauso bila aura, yaani vile vimulimuli wengine wanaona kabla mi sivioni, na kwamba mtu akiachwa hivihivi kinaweza kumshika toka saa 4 hadi saa 72. Wanawake tunaugua kama mara tatu ya wanaume na homoni zina mkono wake humo, ndo maana wengi wetu kinatujia siku za hedhi. Akanitajia pia vichwa ambavyo si vya kusubiri kikao: kikija ghafla kama radi, au pamoja na homa na shingo kukakamaa, au mkono unakosa nguvu, mdomo unapinda, maneno hayatoki vizuri, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo usiku au mchana. Nikamuuliza kuhusu mawazo, kwa ukali kidogo nakiri. Akasema ugonjwa uko kwenye ubongo, ni wa kweli, sijautunga, na kwa sababu uko kwenye ubongo ndo maana unashikana na usingizi, hofu na huzuni, vyote vinakaa nyumba moja. Mtu wa kipandauso yuko kwenye hatari ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoachia, kama mara mbili ya mwingine, na mwenye sonona naye kipandauso kinamwingia kirahisi zaidi, njia inaenda na kurudi. Hapo nikatulia.

Kaunsela nilitegemea mama mtu mzima, nikakuta binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Kiswahili chake cha kambini, baba yake alikuwa mwanajeshi, kakulia kwenye kota za jeshi, na kwa kweli hiyo peke yake ilikuwa nusu ya dawa manake Kiingereza changu cha kueleza moyo hakipo na Kiganda changu ni cha kuuzia sabuni. Mi namwita daktari, yeye kila mara "mama, mi si daktari", nikaishia kumwita mwanangu.

Kikao cha kwanza akanipa karatasi ya maswali 9, wiki mbili zilizopita umejisikiaje, kila swali unajipa 0 hadi 3, ukijaza yote ni 27. Nikapata 13. Akasema hiyo ni sonona ya kati. Nikabisha! Nikamwambia mwanangu hapa mnauliza usingizi, uchovu, hamu ya kula, kushindwa kutulia na jambo moja, sasa mtu aliyelala na kichwa siku tatu atakosaje hayo? Akacheka akasema uko sawa kabisa mama, ndo maana hatuisomi karatasi peke yake. Nilipenda hapo, hakunifukuza na namba. Swali la 9 ni la kufikiria kufa au kujidhuru. Nikajibu ukweli, kwamba kuna usiku kichwa kikiwa kimeshika huwa nasema bora Mungu anichukue. Nilidhani ataruka kwenye kiti. Aliweka kalamu chini akaniuliza polepole ni kichwa ndo kinasema au ni wewe, na kikishaisha unasemaje, na je umewahi kupanga kitu. Hapana sijawahi. Lakini katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, hata mama yangu mzazi.

Alafu akanipa kazi ya nyumbani, kaunta buku. Ile ile ya kuandikia madeni ya wateja. Kila siku naandika nimelala saa ngapi, nimekula saa ngapi, hedhi, dawa nilizomeza, kichwa kimeanza saa ngapi, na asubuhi mchana jioni hali ya moyo 0 hadi 10. Mi ni mfanyabiashara, kitabu naweza kutunza, nikakijaza bila kuruka siku. Na hiki kitabu ndo sababu ya mimi kuandika haya yote, vikao vingine vyote vilikuwa ni kukisoma.

Kwenye kikao cha tatu tumekaa tunasoma, akaweka kidole kwenye siku moja, akahamia nyingine, na nyingine. Kila kabla ya kichwa kikubwa, saa kadhaa nyuma, wakati mwingine toka jana yake, kuna mwandiko wangu mwenyewe: "napiga miayo", "natamani sana chai ya sukari nyingi", "kila mtu ananiudhi leo", "nimemfokea msichana bure". Moyo 3, moyo 2. Akaniuliza mama, siku hii nani alikuudhi? Natafuta kwenye kumbukumbu, hakuna mtu. Nilikuwa nimeudhika tu, alafu nikatafuta wa kumpa.

Kumbe kipandauso kinaanza kabla ya maumivu. Ubongo umeshaingia kwenye safari yake, unaleta miayo, shingo kukaza, kiu, hamu ya vitu vitamu, huzuni ya ghafla, hasira, na maumivu yanakuja nyuma kama behewa la mwisho. Si kwa kila mtu, wala si kila hasira ni dalili, mume wangu wakati mwingine ananiudhi kihalali kabisa. Lakini zile hesabu zangu nilizowaambia mniwekee, nyingi zilikuwa zimesomwa kinyume. Yule mama wa Arua hakunipandisha kichwa. Kichwa kilikuwa kimeshapanda saa ile, ndo kikamtukana.

Nililia siku hiyo, sijui hata ni kwa nini, nadhani nilikuwa nawahesabu watu.

Safu ya pili iliyonishtua ni ya dawa za maumivu. Mwezi wa kwanza siku za kichwa zilikuwa 14. Siku za kumeza dawa 19. Akauliza hizi tano vipi? Zilikuwa uoga. Kesho kuna mzigo unashuka, nameza nisije nikashikwa. Jumapili kuna wageni, nameza. Daktari akaeleza kwamba dawa za kawaida za maumivu ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, na zile zenye mchanganyiko hata siku 10 zinatosha, dawa yenyewe inaanza kuzaa kichwa. Kwa hiyo hofu ya kichwa ilikuwa inanimezesha, na nilichomeza kinanirudishia kichwa. Kuzipunguza hizo sitawadanganya, wiki mbili za kwanza kilikuwa kibaya kuliko zamani, na hakuna mtu pale aliyenipigia simu kuuliza nimefikia wapi.

Cha kukinga kichwa kisije, daktari akaniandikia amitriptyline ya miligramu 10 usiku, baadaye 25. Ni dawa ya bei ya chini, iko madukani toka miaka ya 1960. Nimefika nyumbani mume kasoma kile kikaratasi ndani ya boksi, kakuta ni dawa ya sonona, akasema "kumbe sai umekuwa mtu wa Butabika." Kwa wasiojua, Butabika ni hospitali ya taifa ya akili, ipo toka 1955, inatibu watu wanapona wanarudi makazini, lakini mdomoni mwa mtu wa Kampala hilo jina ni tusi. Nikalala na hilo tusi siku mbili, na kitabu kinasema moyo 2, moyo 2. Kikao kilichofuata kaunsela akaniambia nije naye. Akaja, amenuna. Akaelezwa kwamba kwa kichwa inatolewa dozi ndogo kuliko ile ya sonona, kwamba inatuliza njia za maumivu hata kwa mtu asiye na huzuni yoyote, alafu akaonyeshwa kaunta buku. Akasoma ule ukurasa wa miayo na kufoka. Hakusema pole, si mtu wa hivo, ila sai akiniona napiga miayo mara tatu anachukua watoto anatoka nao nje. Madhara yake yapo: mdomo unakauka, asubuhi ya kwanza nilikuwa kama mlevi, na njaa, gauni zimeanza kubana.

Jumapili nayo ilikuwa inanitesa toka zamani. Duka limefungwa, nimepumzika, sina ugomvi na mtu, saa sita mchana kimefika. Kaunsela akasema stresi ikishuka ghafla inaweza kukileta kama ile inayopanda, na mi Jumapili nalala mpaka saa nne, chai ya kwanza saa tano, chakula saa tisa, yaani ubongo hauelewi umefikia wapi. Nikamwambia sasa mwanangu Mungu anataka niuze sabuni siku saba? Jibu ni kuamka saa ile ile, chai saa ile ile, alafu ukitaka rudi ukajinyooshe. Limesaidia kuliko nilivyotegemea.

Mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli, vidole, mikono, mabega, taya, hayo nayafanyia kwenye taksi tukikwama Kibuye, konda ananiangalia tu. Yanafaa. Ile ya kuandika kila usiku mambo matatu mazuri ya leo niliiacha wiki ya kwanza, nilijikuta naandika "mafuta yameisha yote" kila siku, nikaona ni kitabu cha mauzo. Na wakanitumia kwa WhatsApp rekodi ya kutuliza akili, jamaa anaongea Kiingereza cha Marekani kwa kunong'ona, ati ujione unatembea kwenye theluji peke yako. Theluji! Tunayo kweli Uganda, iko kule juu Rwenzori, lakini mi mtu wa Busia kwenye theluji peke yangu situlii hata kidogo, nitaanza kutafuta njia ya kurudi.

Cha mwisho alichokishika ni hofu. Miaka miwili nilikuwa sijaenda sherehe yoyote, nakataa kabla sijaalikwa. Spika, jua, njaa, marashi, nani atanibeba nikizidiwa. Akasema kipandauso kinakuchukulia siku 14 kwa mwezi, mama, zile nyingine unakigawia mwenyewe. Tukapanga kwanjula moja, ile sherehe ya Waganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, huko Mukono ya binti wa rafiki yangu. Nimekula kabla ya kutoka, manake kwenye kwanjula chakula kinaletwa jua limeshachoka. Nimevaa gomesi, lile gauni letu la sherehe, nimekaa pembeni kabisa ya hema mbali na spika, nina chupa ya maji na miwani ya jua ndani ya mkoba. Nimewaona wakwe wanapiga magoti, nimecheka na yule msemaji wao, saa kumi na moja nikaaga nikaondoka kabla keki haijakatwa. Kichwa kilikuja usiku, kidogo, nikalala. Kitabu kinasema: kichwa 4, moyo 8. Sikujua namba hizo mbili zinaweza kukaa mstari mmoja.

Mwezi wa tatu siku za kichwa 8, za dawa 6. Ile karatasi ya maswali 9 ikashuka toka 13 hadi 6. Sijapona na hakuna aliyeniahidi kupona.

Sasa ile nusu nyota. Kikao cha tano nilikosa. Nilikosa kwa sababu gani? Kipandauso. Nimelala kwenye giza, msichana wangu akawapigia simu saa tatu asubuhi kuwaeleza. Nimeenda wiki iliyofuata nakuta bili imeongezeka elfu 30, faini ya kukosa kikao bila kutoa taarifa siku moja kabla. Kliniki ya kichwa, wanamtoza mgonjwa wa kichwa kwa kuumwa kichwa! Nimemwambia dada wa resepsheni, kwani hiki kinanitumia meseji jana yake? Akaniambia ni utaratibu, nnyabo. Nikalipa kwa simu na risiti ninayo. Kaunsela mwenyewe aliona aibu mpaka akaangalia chini.

Kama hela hiyo huna, vituo vya serikali kumwona mtu ni bure, ulizia kitengo cha afya ya akili, alafu nenda na daftari lako limeshajazwa wiki nne, wataanzia mahali. Na kama ni huzuni ndo imekushika zaidi, kuna StrongMinds, walianza hapa Uganda 2013, wanakaa na watu kwa vikundi kuongea, bila malipo. Hao ni wa sonona, kichwa hawatibu, lakini kwa hayo niliyoandika juu mnaona vinavyopakana.

Ukienda pale kwangu omba yule binti wa Kiswahili cha kambini, chukua saa ya asubuhi kabla taa hazijawashwa, na ukiona kitabu kinaonyesha miayo na hasira jana yake, wapigie hapo hapo uahirishe, utaokoa elfu 30. Mama wa Arua nilimpigia simu nikamwomba radhi. Alipokea vizuri, akaniuliza watoto. Ila sabuni bado ananunua duka la tatu, akipita ananisalimia.

Nina miadi ya kumwona daktari mwezi ujao. Nitasubiri kwa askari.